Je, nawapendelea nikiwapima tofauti?

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha Hisabati darasa la tano, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Nina wanafunzi 48. Kila Ijumaa nawapa jaribio la maswali 20 kwa dakika 40. Mwisho wa juma nasahihisha, Jumatatu nasoma alama mbele ya darasa kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, kisha tunafungua mada mpya. Ndivyo nilivyosomeshwa mimi nikiwa mtoto, na ndivyo wanavyofanya wenzangu wengi hapa shuleni.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba tangu muhula uanze, majina ya mkiani hayajabadilika. Ni yale yale sita au saba. Nikianza kusoma naona watoto wanainamisha vichwa kabla sijawafikia, maana wanajua zamu yao inakuja.

Nikutajie wanne, bila majina. Wa kwanza anakaa karibu na dirisha. Nikiuliza swali kwa mdomo, huyu hujibu vizuri kuliko nusu ya darasa. Juzi aliwaeleza wenzake kwa nini nusu ni sawa na robo mbili, hadi tukampigia makofi. Ijumaa hiyo hiyo akapata 4 kati ya 20. Mwandiko wake hausomeki, na maswali ya maneno huyaacha matupu. Wa pili ni binti aliyehamia kwetu mwaka huu kutoka mahali wanakozungumza lugha nyingine. Hesabu za tarakimu tupu anazipata, za maneno hapati hata moja, na darasani hafungui kinywa. Wa tatu ni mpole, hana fujo, ila kengele ikilia unamkuta yuko swali la tisa. Wa nne, binti, ni kinyume chao: anamaliza kwa dakika 15, anapata yote, na muda uliobaki anautumia kuwasumbua majirani zake.

Mwezi uliopita nikajaribu kitu. Wa tatu nilimwongezea dakika 15, na wa dirishani nikamsomea maswali pembeni kwa sauti ya chini. Wa tatu akapata 15, wa dirishani 13. Nilifurahi mno. Furaha haikufika Jumatano. Mzazi wa mtoto mwingine alikuja kulalamika kwamba nawabeba baadhi ya watoto, na kwamba mwanawe aliyepata 12 bila msaada wa mtu amepitwa kwa hila. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba jaribio ni moja kwa wote na anayeshindwa ashindwe kwa haki. Nikarudi kwenye utaratibu wangu wa zamani. Ijumaa iliyofuata wa dirishani akapata 3.

Nisaidie, Mwalimu. Je, niliwapendelea? Na kama sikuwapendelea, nitawezaje kumpima kila mtoto kwa njia inayomfaa, nikiwa na watoto 48 na mikono miwili? Halafu mtihani wa mwisho wa mwaka huenda usimsomee mtu maswali. Isije ikawa nawadekeza leo nikawaumiza kesho.

Mwalimu wa darasa la tano

* * *

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole kwa furaha iliyokatwa njiani.

Nianze na swali lako la kwanza, maana naona ndilo linalokuumiza. Hapana, hukuwapendelea. Ila kosa lipo, na liko mahali pengine: ulipata habari yenye thamani kuliko zote za muhula huu, ukaiweka kando kwa sababu ilikuja pamoja na ugomvi.

Tazama ulichokiona. Mtoto yule yule, mada zile zile, mara hii 13, mara hii 3. Je, alisahau hesabu katika siku chache hizo? Mara ya kwanza maswali yalimfikia, mara ya pili hayakumfikia. Kwa hiyo ile 3 ilikuwa alama ya kusoma kwake, nawe ukaiandika kwenye safu ya Hisabati.

Shika hapa kabla ya kingine chochote. Kila unapotunga swali, jiulize unataka kujua nini. Kisha jiulize, ili mtoto akuonyeshe hicho, imembidi apitie wapi? Kusoma, kuandika, kuona ubao, kukusikia, kwenda mbio, kuielewa lugha: hizo zote ni njia tu. Ukimwondolea kikwazo cha njiani, ulichotaka kukipima kinabaki palepale. Ukimsomea swali la kujumlisha sehemu, bado ni lazima azijumlishe mwenyewe. Lakini ukimsomea kifungu katika jaribio la kusoma, umemfanyia jaribio lenyewe. Msaada ni ule ule, na katika somo moja ni haki, katika jingine ni udanganyifu. Ndiyo maana sitakupa orodha ya misaada inayofaa siku zote. Hata muda uko hivyo hivyo. Ukitaka kujua kama jedwali la kuzidisha liko kichwani mwao papo kwa papo, dakika za ziada zinaharibu kipimo. Ukitaka kujua kama wanaelewa sehemu, zile dakika 40 hazikutoka popote ila kwenye ratiba ya vipindi.

Mwalimu mkuu usimwendee kwa ubishi. Ana hoja, na hoja yake ni nzuri: swali liwe moja na kiwango kiwe kimoja. Mwonyeshe kwamba vyote viwili hukuvigusa. Mwekee mezani karatasi mbili za mtoto wa dirishani, ile ya 13 na ile ya 3, umwombe akuambie ipi kati ya hizo inasema kweli kuhusu hesabu za mtoto huyu. Ukihitaji cha kuegemea zaidi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unadai mwanafunzi mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji yake. Sisemi kwamba kijana wako ana ulemavu. Hilo wala mimi wala wewe hatujui bado. Nasema wazo la kurekebisha njia bila kushusha lengo limekwishakubaliwa na watu wazito.

Kwa mzazi yule kuna dawa rahisi zaidi. Usimsomee mmoja pembeni, wasomee wote. Simama mbele, soma kila swali la maneno mara mbili polepole, darasa zima lisikie. Asiyehitaji atakuwa ameshaanza kuandika, na hakuna aliyeibiwa kitu. Na kengele ikilia, waambie wote wapige mstari chini ya swali walilofikia, kisha anayetaka aendelee kwa penseli dakika 15 zaidi. Hapo karatasi moja inakupa alama mbili: ya kabla ya mstari na ya baada yake. Mtoto mwenye alama 9 juu ya mstari na 15 baada yake amekueleza shida yake waziwazi kuliko ripoti yoyote. Aliyekwama kwenye 9 hata alipoongezewa muda ana shida nyingine kabisa. Katika barua yako umeniambia wa tatu huishia swali la tisa, lakini hukuniambia katika hayo tisa anapata mangapi. Angalia madaftari yake ya nyuma usiku huu huu. Nahisi utakuta karibu yote ni sahihi.

Sasa lile la kusoma alama Jumatatu. Liache, nakuomba, na usingoje muhula mpya. Mzazi yule asingekuwa na la kulalamikia kama mwanawe asingetangazwa kuwa amepitwa. Na kuna jambo watafiti waliliona zamani. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha jaribio alilofanya na watoto wa shule. Baadhi walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, wengine zikiwa na maelezo tu ya kipi kizuri na kipi cha kurekebisha, wengine zikiwa na vyote viwili. Walioendelea mbele ni wale wa maelezo peke yake. Waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika, kwa sababu mtoto akiona namba, macho yake yanaishia hapo na kwenda kwenye namba ya jirani. Fikiria jioni zote tulizomaliza tukiandika "ongeza bidii" kando ya 4 kati ya 20. Ongeza bidii katika nini?

Nami nilisoma alama hivyo hivyo miaka yangu ya mwanzo, na kuna mtoto mmoja simsahau. Alikaa nyuma, na kwa miaka miwili nilimwita mzembe. Alikuwa ananakili maswali kutoka ubaoni kimakosa: 8 anaandika 3, alama ya kutoa anaikosa kabisa. Siku moja tulibadilisha mpango wa madawati akaangukia mbele, na makosa ya kunakili yakakoma juma lile lile. Alikuwa haoni ubao. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari lake miaka miwili, nami nilikuwa nautia alama ya kosa bila kuusoma. Nakuandikia haya ili kwa wale sita au saba uanze na macho na masikio. Omba wapimwe, na wakati unasubiri, wahamishie mbele uone kama kitabadilika kitu.

Kwa kijana wa dirishani fanya uchunguzi mdogo. Tunga maswali tisa ya mada moja na uzito mmoja, tarakimu tu ndizo zitofautiane. Matatu ayasome mwenyewe na kuyajibu kwa maandishi. Matatu umsomee, yeye aandike. Matatu umsomee na akujibu kwa mdomo, nawe uandike anachosema neno kwa neno bila kumsahihisha. Akipanda kuanzia kundi la pili, kizuizi kiko kwenye kusoma. Akipanda kundi la tatu tu, kiko kwenye kuandika. Asipopanda popote, basi maelezo yake mazuri ya mdomo yanafunika pengo la hesabu zenyewe, na hapo kazi ni kumfundisha hesabu. Rudia siku nyingine kwa tarakimu nyingine, maana maswali matatu ni machache na mtoto huweza kuamka vibaya. Kama kusoma kunamshinda tena na tena ingawa anafundishwa vizuri, peleka ulichokiandika kwa mtaalamu wa elimu maalumu. Inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, ambayo haina uhusiano na uvivu wala na akili ndogo. Lakini jina hilo usimpe wewe. Kazi yako ni kuandika ulichokiona, tarehe kwa tarehe.

Hadi hapa nimezungumzia njia. Nataka nikae kidogo kwenye majibu yenyewe, kwa sababu humo ndimo mwalimu wa darasa anamshinda mtunga mtihani yeyote.

Chukua swali la 1/2 + 1/3. Katika madaftari 48 utakuta wengi wameandika 2/5. Kwa kalamu nyekundu wote ni kosa moja, sifuri. Lakini mtoto aliyeandika 2/5 hakubahatisha. Amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, kwa sababu anaziona kama namba nne za kawaida zilizopangwa ghorofa mbili. Aliyeandika 4/6 anajua ni lazima agawe sawa kwanza, ila kuna hatua ameteleza. Aliyeacha wazi hujui lolote juu yake, na huyo ndiye wa kumkalia karibu kesho. Watoto watatu, sifuri tatu, masomo matatu tofauti ya kesho.

Na yule wa 2/5 usimwambie "rudia". Mwulize: ulikuwa na nusu, ukaongeza kitu juu yake, je, 2/5 ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo? Mwache achore. Akiona mwenyewe kwamba ameongeza akaishia na pungufu ya alichoanza nacho, hutahitaji kumhubiria kanuni. Swali hilo moja ni tathmini na ni fundisho kwa wakati mmoja.

Jihadhari pia na majibu sahihi. Waulize ipi kubwa zaidi kati ya 0.5, 0.45 na 0.125. Anayechagua 0.125 anasoma desimali kama namba nzima: 125 inazidi 45. Anayechagua 0.5 amepata, nawe unamtia vema. Lakini kuna watoto wanaoamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa daima, na hao nao watachagua 0.5. Hutawagundua mpaka uongeze swali la pili: 0.3 na 0.31, ipi kubwa? Mwenye imani ile atasema 0.3. Maswali mawili yaliyotungwa kwa kuwinda makosa kama hayo yatakuambia mengi kuliko 20 yaliyonakiliwa mwisho wa sura ya kitabu.

Unaniuliza utawezaje na watoto 48. Hutaweza, kama kupima maana yake ni kusahihisha maswali 960 kila mwisho wa juma. Na samahani nikisema wazi: kazi hiyo unayoifanya kwa uaminifu mkubwa inafika imechelewa. Unasahihisha Jumamosi, Jumatatu unafungua mada mpya. Uliyoyajua kuhusu mada ya zamani huna tena mahali pa kuyatumia. Mwaka 1967 mwanafalsafa Michael Scriven alitenganisha tathmini ya kujenga kazi ikiwa bado inaendelea na ile ya kuihukumu ikishamalizika. Siku hizi walimu wengi tunaziita upimaji endelezi na upimaji tamati. Jaribio lako la Ijumaa lina sura ya ile ya kwanza na tabia ya ile ya pili.

Kwa hiyo lisogeze. Liwe Jumatano, liwe na maswali sita, dakika 20. Jioni usiandike alama. Panga madaftari katika marundo matatu: walioshika, walioteleza hatua fulani, na ambao bado hawajaanza kuelewa. Kupanga marundo ni kwepesi kuliko kusahihisha kwa alama, maana unatafuta aina ya kosa tu. Alhamisi rundo la kwanza linapata kazi ya kwenda mbele, la pili linarekebisha wawili wawili, la tatu linakaa nawe mbele. Ijumaa wale wa la pili na la tatu wanajibu maswali mengine ya aina ile ile. Huo ndio uti wa mgongo wa alichokipendekeza mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom mwaka 1968: pima, rekebisha, pima tena, kisha ndipo usonge. Angalizo moja tu: marundo yavunjwe kila juma. Rundo likiota mizizi likawa kundi la kudumu lenye jina, umerudisha orodha ya mkiani kwa mlango wa nyuma.

Kati ya Jumatano na Jumatano, pima bila karatasi. Uliza swali lenye majibu manne ubaoni, kila mtoto aonyeshe jibu kwa vidole akivibana kifuani ili jirani asinakili. Kwa mtazamo mmoja umeona 48. Na ukiuliza kwa mdomo, nyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alirekodi walimu madarasani katika miaka ya 1960 na 1970, akakuta wengi hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu tatu kimoyomoyo. Kwa mwalimu sekunde hizo ni ndefu mno, kwa mtoto wako wa tatu ni mlango.

Watafiti wa elimu Paul Black na Dylan Wiliam walipopitia machapisho yapatayo 250 mwaka 1998, waliona kwamba upimaji wa namna hii, unaobadilisha ufundishaji, huinua matokeo, na tafiti kadhaa zilionyesha wanaoinuka zaidi ni walio chini. Hao ndio wale unaoyasoma majina yao mwisho kila Jumatatu.

Binti mgeni asikupite kwa sababu yuko kimya. Umeshasema mwenyewe kwamba tarakimu tupu anazipata, basi hesabu anazo. Mwandikie swali la maneno kwa sentensi fupi, uweke mchoro, au mruhusu ajibu kwa kuchora. Kama kuna mtu shuleni anayejua lugha yake, mwombe amtafsirie maswali mawili matatu uone tofauti. Sambamba na hayo mfundishe maneno ya hesabu kama somo: jumla, tofauti, iliyobaki, kila mmoja, mara ngapi. Atakapoyashika, ondoa mchoro.

Na yule anayemaliza kwa dakika 15? Huyo naye hajapimwa. Anayepata 20 kati ya 20 kila juma amegonga dari, na hujui angefika wapi dari lisingekuwepo. Usimwongezee maswali mengine ya aina ile ile, ataona kasi yake inaadhibiwa. Mpe lenye kina. Kwa mfano: andika sehemu iliyo kati ya 1/3 na 1/2, sasa andika nyingine, je, zitaisha? Akikutajia 2/5, mwulize mbona hilo ndilo jibu la kosa la wenzake waliojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Je, ukijumlisha sehemu mbili tofauti kwa njia hiyo ya makosa, jibu huangukia katikati yao kila mara? Ndiyo, kila mara, lakini usimwambie. Mwache atafute kwa nini. Nadhani hatakuwa na muda wa kusumbua jirani.

Mwisho, mtihani wa mwaka. Hofu yako ni ya haki na sitaipuuza. Ulizia mapema, kwa maandishi, ni marekebisho gani mamlaka ya mitihani inayaruhusu, kwa sababu mitihani mingi ina nafasi ya muda wa ziada au msomaji, nayo huhitaji ushahidi uliokusanywa kwa muda mrefu. Kumbukumbu zako za tarehe kwa tarehe ndizo ushahidi huo. Kama hairuhusu, wiki za mwisho punguza msaada kidogo kidogo: umsomee maswali matatu badala ya sita, kisha moja, kisha umfundishe kuanza na yale anayoyaweza. Wakati huo huo mtoto wa dirishani lazima afundishwe kusoma, kila siku, hata dakika 10. Kumsomea kunakuonyesha hesabu zake. Hakumfundishi kusoma, na hapo ndipo kudekeza kungeanza kama tungesahau.

Kwenye ripoti kwa wazazi andika alichofanya na alifanya katika hali gani: "Anajumlisha sehemu zenye asili tofauti akisomewa swali, akisoma mwenyewe bado hajaweza." Usifiche msaada uliotoa, wala usifiche uwezo uliouona. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Usianze yote kwa pamoja. Juma hili fanya mawili: acha kusoma alama, na keti na kijana wa dirishani kwa yale maswali tisa. Kisha niandikie kundi lipi lilimpandisha, maana nitakachokushauri baada ya hapo kinategemea jibu hilo.